Kampuni wanataka milioni 11, fundi wetu anasema milioni mbili na nusu. Giaboksi niipeleke wapi?

Kaka Fundi,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu pacha wa miaka sita. Mwaka juzi tulinunua Nissan X-Trail iliyotoka Japani, ya mwaka 2010, injini ya lita mbili, namba ya chesisi inaanzia na NT31. Tuliinunua kwa kuchangiana, mimi kwa hela ya kikoba, mume wangu kwa mkopo wa kazini. Mpaka inatoka bandarini ilikuwa imetutoa milioni 24. Kwetu sisi hilo ndilo jambo kubwa tulilowahi kufanya baada ya kiwanja.

Desemba tulikuwa tunakwenda Njombe msibani. Katikati ya mlima Kitonga gari likaanza kulegea. Mume wangu anakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Nyuma yetu malori yamejipanga, mvua inanyesha, pacha wanalia. Tukajikokota hadi mahali pa kuegesha, tukazima, tukakaa kama dakika arobaini tunakula mahindi ya kuchoma. Tulipowasha likapanda kama hakuna kilichotokea.

Tuliporudi Dar nikalipeleka kwa fundi wetu. Huyu tunaye miaka tisa, tangu tulipokuwa na Vitz. Alikuwa kwenye kamati ya harusi yetu, na watoto wanamwita Anko Fundi. Gereji yake ni chini ya mwarobaini, hana jengo, lakini hajawahi kutuibia hata nati. Akasema mafuta ya giaboksi yamechoka. Akamwaga, akaweka mapya mekundu, nikamlipa 180,000. Nilikuwa nimesimama pale pale nikimwona.

Baada ya wiki moja gari likaanza kutetemeka kila tunapoondoka kwenye mataa, na likawa na mlio kama filimbi kwa mbali. Kisha taa ya njano ya injini ikawaka. Mume wangu akasema basi, yametosha, akalipeleka kwenye karakana ya kampuni, ile yenye kiyoyozi na kahawa. Wakapima kwa kompyuta, wakatutoza 150,000, wakatupa karatasi yenye mstari mmoja: giaboksi ibadilishwe nzima. Mpya pamoja na ufundi ni 11,800,000. Nilipouliza tatizo hasa ni nini, kijana wa mapokezi akamjibu mume wangu, mimi hakuniangalia.

Fundi wetu naye amesikia na ameumia. Anasema hao ni wezi, yeye atatutafutia giaboksi ya mtumba kutoka Japani pale Gerezani kwa 2,300,000, na ufundi atatufanyia kwa 250,000. Mume wangu hataki hata kumsikia, anasema rahisi huvunja upishi, na ameshachukua fomu ya mkopo mwingine SACCOS. Mimi naona milioni 11 ni nusu ya gari. Tumefika mahali tukianza kuzungumzia gari, mmoja anatoka nje.

Kaka, nani mkweli? Na je, ni kweli gari likishashikwa na fundi wa mtaani kampuni hawaligusi tena? Shemeji yangu amenunua pikapu mpya kabisa dukani, naye ana hofu hiyo.

Mama Pacha, Tabata

*

Mama Pacha,

Poleni na msiba, na poleni na Kitonga. Mlima ule nimeupanda na gari linalolegea, najua mtu anavyojisikia akiona taa za lori kwenye kioo cha nyuma.

Mwambie shemeji, yaani mume wako, asisaini fomu ya SACCOS wiki hii. Na wewe usimpe Fundi wenu hela ya giaboksi ya mtumba wiki hii. Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta mahali ambapo mtu alifungua sampu ya giaboksi, lile bakuli la mafuta la chini, akaangalia kilichomo, sijapaona. Kampuni wamesoma kompyuta, Fundi amesikiliza mlio, na wote wawili wamefikia kubadilisha. Ninyi mnagombana juu ya bei ya tiba, na ugonjwa haujapimwa.

Gari lenu halina giaboksi ya kawaida ya automatiki. NT31 ya lita mbili ya automatiki ina giaboksi inayoitwa CVT. Ndani hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozizunguka, na puli hizo hupanuka na kubana ili kubadilisha mwendo. Mkanda huo hushika puli kwa kubanwa, chuma juu ya chuma, na kati yake kuna mafuta. Kwa hiyo mafuta ya CVT yana kazi mbili zinazoonekana kupingana: yalainishe, na wakati huohuo yaruhusu mkanda ushike bila kuteleza. Ndiyo maana Nissan wana mafuta yake maalumu, na ya X-Trail ya umri wa yenu yanaitwa NS-2. Mafuta mekundu ya chupa ni ATF, ya giaboksi za automatiki za kawaida. Ukiyaweka kwenye CVT mkanda unaanza kuteleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unasambaa kwenye bodi ya valvu na solenoidi, yaani sehemu zinazoongoza mafuta ndani ya giaboksi. Kutetemeka mnapoondoka kwenye mataa na ile filimbi ya mbali ndivyo giaboksi ya namna hii inavyolalamika.

Kwa hiyo ndiyo, Fundi amekosea, na kosa lake si dogo. Ni mtu mwaminifu aliyeshika chombo asichokijua. Vitz yenu ya zamani huenda ilimvumilia. Hii haivumilii.

Lakini Kitonga ilitokea kabla Fundi hajagusa chochote. CVT ikipata joto kupita kiasi kompyuta yake hupunguza nguvu makusudi ili kujiokoa, na ikipoa inarudi kama kawaida. Huenda hicho ndicho mlichokiona mlipokuwa mnakula mahindi. Basi tujiulize joto lilitoka wapi. Mafuta ya giaboksi yanaweza kuwa yalikuwa machache, au yamechakaa tangu Japani bila kubadilishwa. Pia CVT yenu inapozwa kwa msaada wa maji ya injini, kwa hiyo rejeta ikiziba, feni ikizembea, au mtu akiwa amejaza maji ya bomba badala ya kulenti, yale maji maalumu ya kupozea injini, mpaka kutu ikaingia, giaboksi inaumia kabla injini haijaonyesha lolote. Hapo jiulize kwa haki: tangu mmelinunua, kulenti imewahi kubadilishwa? Mnaweza kulipa milioni 11, mkafungiwa giaboksi mpya, mkaipandisha Kitonga ikiwa na rejeta ileile, na Desemba ijayo mkawa palepale.

Sasa la kufanya. Kwanza acheni kuliendesha. Kila safari ya shule na sokoni ndani ya ATF inasaga chuma. Kama ni la kuhamishwa, liitieni brekidauni ya kubeba, magurudumu yote manne yakiwa juu. Lisivutwe kwa kamba, hasa kama ni la kuendesha magurudumu manne.

Kisha tafuteni gereji binafsi inayofanya giaboksi tu, na yenye skana inayosoma kompyuta ya giaboksi. Dar zipo. Hizi si za kampuni, wala si za chini ya mwarobaini. Watu wengi hufikiri kuna pande mbili pekee, na ndiyo maana ndani ya nyumba mnavutana. Ukifika usieleze tatizo kwanza. Muulize fundi mkuu swali moja: NT31 inatumia mafuta gani kwenye giaboksi? Akikwambia yoyote ya automatiki yanafaa, aga kwa heshima uondoke. Akikutajia NS-2, muulize anapimaje kiwango chake. Anayeijua kazi atakwambia mafuta yapate joto kwanza, kati ya nyuzi 50 na 80, injini ikiwa inaunguruma, baada ya kupitisha lever kwenye kila nafasi. Hilo halisemwi na mtu anayebahatisha.

Mwombe afungue sampu mbele yako. Ndani yake kuna sumaku ndogo za kunasa chuma. Nenda mwenyewe, Mama Pacha, hata kama shemeji yupo kazini, kwa sababu hapa ndipo penye jibu la barua yako. Mwombe azitoe akuwekee kiganjani. Ukikuta tope laini la kijivu, kama penseli iliyosagwa, ukilipaka kati ya vidole halikwaruzi, huo ni uchakavu wa kawaida na giaboksi ina nafasi nzuri ya kupona. Ukikuta vipande, vinavyometa, vinavyochoma kidole, mkanda au puli vimeshaumia na mafuta hayatavirudisha.

Kama ni tope, osheni sampu, badilisheni chujio, wekeni NS-2. Ila ukimwaga kwa nati ya chini hayatoki yote, mengi hubaki kwenye toki konvata, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, na njia za ndani. Kwa hiyo yamwagwe, yajazwe, gari litembee kidogo, yamwagwe tena, mara mbili au tatu, mpaka ule wekundu uishe. Ni mafuta ya gharama na utaumia kuona yanamwagwa mapya, lakini pamoja na rejeta na kulenti sitarajii mfike milioni moja. Siwezi kukuahidi kwamba itapona. Nimeona zilizopona kabisa baada ya kuwekewa ATF kwa wiki chache, na nimeona moja iliyokufa baada ya siku kumi.

Kuhusu kampuni, nisiwe mnafiki. Nimevaa ovaroli ya wakala wa magari miaka 11 kabla ya kufungua gereji yangu, nami nawaheshimu. Wana vifaa ambavyo mtaani hakuna, na spea zao ni za kweli. Lakini kule kazi huhesabiwa kwa saa za kitabu. Kitabu kikisema saa sita, mteja analipa saa sita hata fundi akimaliza kwa nne. Na CVT tulikuwa tumeelekezwa wazi: haifunguliwi, inabadilishwa nzima. Ina mantiki yake, maana anayetoa dhamana hataki kubashiri. Kwa hiyo karatasi yenu si wizi. Ni utaratibu wa mahali ambapo hakuna anayelipwa ili kukaa na gari lenu nusu siku kutafuta njia ya bei ndogo. Lililonikera ni mstari mmoja kwa 150,000. Rudini mkadai msimbo uliosomwa, herufi na namba zake, pamoja na vipimo vilivyoandikwa siku ile. Mmevilipia, ni vyenu, na fundi wa pili atavihitaji. Msimbo hausemi kitu gani kibadilishwe. Unasema kompyuta imeona nini. Mara nyingi watu huuchukua kama hukumu.

Na ukienda, yule kijana wa mapokezi akimjibu mume wako badala yako, rudia swali lako jina la gari na namba ya usajili vikiwa vya kwanza, na kalamu ikiwa mkononi. Andika anachosema mbele yake. Nimekaa nyuma ya meza ile, najua mteja anayeandika hujibiwa tofauti, mwanamke au mwanaume.

Kuna jambo jingine linalopunguza faida ya kampuni kwa gari kama lenu. Hawakuwauzia wao. Liliundwa kwa soko la Japani, namba yake ya chesisi ni ile fupi ya NT31 na tarakimu zake, si ile ya tarakimu na herufi 17 ya magari yanayouzwa mapya kwingine. Kuna siku niliingiza namba ya namna hiyo kwenye mfumo wetu na hatukupata kitu, tukaishia kuagiza spea kwa kulinganisha kwa macho, sawasawa na fundi wa Gerezani. Hivyo yale mambo makubwa yanayomfunga mtu na kampuni, waranti na kumbukumbu za matengenezo, kwenu hayapo. Na kwa sababu hayapo, hawana sababu ya kulikataa gari lenu eti limeshikwa mtaani. Watalipokea, na watatoza.

Hata hivyo lipo moja ningewapelekea kwa moyo mweupe, nalo ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Kuna eabegi za kampuni ya Takata zilizofungwa kwenye Toyota, Nissan na Honda nyingi za miaka ya 2000, na baadhi zikilipuka hurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu wamekufa duniani kwa sababu hiyo, na magari mamilioni yaliitwa yarudishwe. Baadhi ya tunayoyaendesha hapa huenda yametoka Japani kabla eabegi hizo hazijabadilishwa. Tovuti za watengenezaji kule Japani zina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari ni kati ya yaliyoitwa yarudishwe. Ingiza yenu leo. Likitokea, usimruhusu fundi yeyote wa mtaani aguse usukani ule.

Sasa tuseme sumaku zimetoka na vipande. Hapo giaboksi ya mtumba ni njia halali, na mimi mwenyewe nisingelipa milioni 11.8 kwenye gari la milioni 24. Lakini isiwe kwa namna aliyoipanga Fundi. Giaboksi ya gari linalosukumwa na magurudumu mawili haiingii kwenye linalosukumwa na yote manne, kwa hiyo namba zilizo kwenye bati la giaboksi yenu zilinganishwe kabla hela haijatoka. Kipoza mafuta kisafishwe au kibadilishwe, kwa sababu unga wa chuma wa giaboksi iliyokufa hubaki humo ukisubiri kuua ya pili. Na hili wengi mtaani hawalijui: kila giaboksi ya aina hii ina vipimo vyake vilivyohifadhiwa kwenye bodi ya valvu, na kompyuta ya gari lazima isomeshwe vipimo hivyo kwa mashine baada ya kufunga. Usipofanya hivyo gari litatembea, lakini litagutuka na kutetemeka, na mtarudi Gerezani kugombana na muuzaji asiye na kosa.

Muuzaji atawapa siku saba za kujaribu. Bishaneni mpate siku 30, ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya giaboksi yenyewe na neno CVT. Risiti iliyoandikwa "spea" tu haina msaada siku ya ugomvi. Kazi ya kufunga impe yule fundi wa giaboksi, si Fundi wenu, na hiyo ya zamani mrudishiwe. Chuma chakavu kina bei, na hakuna wa kukuuzia tena giaboksi yako mwenyewe.

Pikapu ya shemeji yako ni habari nyingine. Gari jipya la dukani lina waranti, na kila sevisi aifanye kwa wakala mpaka kipindi kiishe, ahifadhi kila risiti. Mtandaoni atasoma kwamba sheria inamruhusu kupeleka gari popote bila kupoteza waranti. Atazame inazungumzia nchi gani. Marekani wana sheria hiyo tangu 1975, na Afrika Kusini walitoa miongozo iliyoanza 1 Julai 2021. Yeye asome kitabu cha waranti yake ukurasa kwa ukurasa na aulize kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi.

Nimalizie kwa Fundi, maana naona ndiye anayekuuma zaidi kuliko milioni. Msimtupe. Brekipedi, bushi, shokapu, bolijointi, hata kumwaga oili ya injini, mrudishieni, na mtamlipa bila wasiwasi. Ila CVT asiiguse, na aambiwe hivyo na wewe, faragha, si na mume wako mbele ya vijana wake. Usimwambie ameua gari, kwa sababu bado hatujui nani aliyeliua au kama limekufa. Mwambie mafuta yalikuwa ya aina nyingine. Kisha mwombe aende nawe siku sampu inafunguliwa. Akikubali, ataona kwa macho yake, na wateja wake wengine wenye X-Trail watapona na hili bila kujua. Akikasirika akagoma, mpe siku chache. Miaka tisa si kitu cha kumaliza kwa chupa nne za mafuta.

Mume wako naye mpeleke kama anaweza kuomba ruhusa kazini. Hela ni zenu wote, na karatasi ya kampuni anaiamini kwa sababu hajaonyeshwa kitu kingine cha kuamini.

Sumaku zikishatolewa, zipige picha kwa karibu, juani, kabla hazijafutwa, unitumie. Fundi wa giaboksi ana mazoea ya kuzifuta papo hapo kwa kitambaa kilichoko mfukoni, kwa hiyo mwambie mapema.